Jina Langu, Sahihi ya Baba

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu Mashariki



Mtakumbuka kwamba katika mdahalo wetu wa muhula wa pili hoja iliyokuwa mbele yetu ilikuwa hii: kwamba pesa za akiba ya elimu ya mtoto zinapotolewa, apewe mtoto mwenyewe. Mimi nilikuwa miongoni mwa watetezi. Nilipewa dakika tatu kama kila msemaji, na ndiyo kwanza nilikuwa naingia katika kiini cha hoja yangu mtunza saa alipogonga kengele yake. Nikaambiwa niketi. Niliketi, lakini maneno hayakuketi. Yamenikereketa kooni tangu siku hiyo, na kwa kuwa mhariri wetu amekubali kunipa nafasi, nitayatoa yote hapa ambapo hapana kengele.

Niseme jambo moja mapema ili wapinzani wangu wa siku ile wasije wakanicheka kwenye foleni ya githeri. Nimebadilisha msimamo. Sisemi tena kwamba mtoto apewe pesa hizo mkononi. Lakini msishangilie bado, kwa sababu sikuhamia upande wenu. Nyinyi mlisema apewe baba kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka. Hilo nalipinga leo kuliko nilivyolipinga siku ile, na ninayo sababu ambayo sikuitaja mbele ya watu.

Sababu yenyewe inatoka nyumbani kwetu. Nilinyamaza siku ya mdahalo kwa kuwa baba yangu ni mtu mwema, na mtu akisikia nusu ya kisa hiki atamhukumu kabla ya kusikia nusu ya pili. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alifikiri siku mbili, kisha akaniambia, "Andika, lakini uandike yote." Basi naandika yote.

Kwetu ni Nyamira, katika vilima vya chai. Shamba letu ni dogo. Wanaochuma ni mama na nyanya, yaani mamake baba, na sisi watoto siku za likizo. Lakini nambari ya mkulima kule kwenye kituo cha kununulia majani imeandikishwa kwa jina la baba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za jirani zetu, kwa hiyo malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka humfikia yeye. (Wale wasiotoka sehemu za chai wajue kwamba bonasi ndiyo pesa nene. Ya mwezi ni ya unga na sabuni.) Mnamo 2018, nilipokuwa darasa la nne, mama alimwomba baba kwamba kila bonasi ikiingia kipande chake kiwekwe kando kwa ajili ya sekondari yangu. Baba hakubisha. Tulifunga safari sote watatu hadi mjini kufungua akaunti ya mtoto katika benki.

Siku hiyo naikumbuka kama jana. Nilivaa sare ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa nguo yangu isiyo na kiraka. Karani aliniuliza majina yangu matatu, akayaandika, akanipa kadi yenye majina hayo na kopo la plastiki la kutumbukizia sarafu. Kisha akauliza ni nani atakayekuwa akitia sahihi. Mama alikuwa amesahau kitambulisho chake nyumbani. Karani akasema si neno, mmoja anatosha. Baba akatia sahihi, tukaenda kunywa chai na mandazi. Kadi ile nikaiweka ndani ya Biblia ya nyanya, mahali ambapo hapana mwizi angethubutu kutia mkono. Sikujua kwamba kadi haikuwa na kazi yoyote. Kazi yote ilikuwa katika ile sahihi.

Kila bonasi ilipokuja, kipande kikaenda. Kopo la sarafu likajaa mara tatu. Mama alikuwa na daftari ambamo aliandika kila kilichopelekwa benki, na kufikia darasa la nane hesabu yake ilikuwa shilingi 38,600, mbali na riba. Mapema 2023 nikapata barua ya kuitwa shule hii. Baba alikuwa Kisumu kwenye kazi ya ujenzi, nasi tukasema tusipoteze siku. Mimi na mama tukachukua barua, kadi na daftari, tukaenda benki.

Karani alikuwa mwingine. Aliitazama kompyuta yake, akamtazama mama.

"Mama, wewe si mtia sahihi katika akaunti hii. Siwezi kukupa pesa, na siwezi kukuambia kilichomo."

Mama akanisukuma mbele kidogo. "Mwenye akaunti ndiye huyu. Jina lake ndilo hili kwenye kadi."

"Huyu ni mtoto," akasema karani, tena kwa upole. "Aje mwenye sahihi."

Hebu fikirini hali ile, ndugu zangu. Pesa zimewekwa kwa jina langu. Zimetokana na majani yaliyochumwa na mama. Nasi tumesimama pale wawili, na hapana hata mmoja wetu anayeweza kuambiwa zimebaki ngapi. Simlaumu karani yule. Alifuata fomu. Fomu ndiyo iliyokuwa na kasoro, na ilikuwa nayo tangu siku ile ya chai na mandazi.

Jioni mama alimpigia baba simu. Mimi nilisikia upande mmoja tu. Mama aliuliza, akanyamaza, akauliza tena, kisha akaketi kwenye kigoda. Pesa hazikuwapo. Zilikuwa zimetolewa Agosti ya mwaka uliotangulia.

Sasa nusu ya pili ya kisa. Agosti hiyo ya 2022 nyanya aliteleza kwenye mteremko wa shamba akiwa na kikapu cha majani mgongoni, akavunjika nyonga. Alilazwa wiki tatu. Hospitali ikasema hatoki mpaka deni limalizike, na kila usiku aliolala pale deni likazidi kunenepa. Siku moja baba alienda mjini, akarudi na risiti na nyanya. Sisi tulidhani amekopa katika chama chake cha akiba na mikopo. Hakutuambia, nasi hatukumuuliza, kwa sababu mtu aliyemrudisha mama yake nyumbani utaanzaje kumhoji?

Je, baba alifanya vibaya? Swali hilo nimejiuliza mara nyingi kuliko swali lolote la mtihani. Laiti angenijia Agosti ile akaniambia, "Mwanangu, nyanya yako amezuiliwa hospitalini, na pesa zilizopo ni zile za shule yako, tufanyeje?" ningemwambia azichukue zote, na kopo la sarafu alibebe pia. Mtoto gani angekataa? Kumtoa nyanya halikuwa kosa hata kidogo. Lakini kuanzia Agosti hadi Januari mimi na mama tulilala usingizi tukidhani karo ipo. Miezi mitano! Ndani ya miezi hiyo fomu za basari zilitolewa kijijini na kurudishwa, nasi hatukuchukua hata moja, kwa kuwa mama alisema tuwaachie wasio na kitu. Ndama mmoja aliuzwa, tukaezeka jiko kwa mabati. Tungejua, jiko lingengoja na mimi ningefika shule.

Nilifika siku kumi na tisa baada ya wenzangu. Wengine wenu mnakumbuka msichana aliyeingia darasani na sanduku la kuazima, mwalimu wa Hisabati akiwa amemaliza sura mbili. Mama alikopa katika chama chake cha wanawake, deni lililokula bonasi mbili. Na nyanya aliposikia kwamba ni karo yangu iliyomtoa hospitalini, alikataa chakula siku nzima. Hakumkasirikia baba. Alisema tu kwamba hata yeye hakuna aliyemuuliza.

Baada ya mdahalo nilimwendea mwalimu wetu wa Elimu ya Biashara, kisha nikajisomea mwenyewe maktabani. Niliyoyakuta yalinishangaza. Sheria zetu za Kenya hazikumsahau mtoto. Aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa mtu mzima, hilo tunalijua sote tunaosubiri kitambulisho, kwa hiyo mzazi ndiye anayesimamia mali ya mtoto. Lakini Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inasema anaisimamia kwa manufaa ya mtoto. Tena sheria hiyo hiyo inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapimwe kulingana na umri na ukomavu wake. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 53, imeyaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Maneno matamu kweli kweli! Lakini pale dirishani kwenye benki hapana anayeuliza lolote kati ya hayo. Inaulizwa sahihi.

Na hapa kuna kichekesho ambacho sioni mtu akikicheka. Tuseme, Mungu apishe mbali, mzazi amefariki bila wosia na ameacha watoto wadogo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haikubali mtu mmoja peke yake apewe usimamizi wa mali ile. Lazima wawe wawili au zaidi, isipokuwa msimamizi awe ni ile ofisi ya serikali inayoshughulikia mali za marehemu, au kampuni ya udhamini. Walioitunga walijua kwamba pesa za mtoto zikikaa mkononi mwa mtu mmoja huota miguu. Basi jamani, mbona mali ya marehemu inalindwa na watu wawili, na ya aliye hai inalindwa na mmoja?

Serikali yenyewe haimwamini mtu na pesa za karo, nami sasa naona ina haki. Mnamo 2008 ilipoanza kugharamia masomo ya sekondari za kutwa kwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, pesa hizo zilipelekwa shuleni, si kwa wazazi. Basari ya eneo bunge huja kama hundi yenye jina la shule. Ukitaka kuila itabidi utafune karatasi. Bodi ya mikopo ya vyuo vikuu, HELB, iliyoanzishwa 1995, hupeleka karo chuoni na kumtumia mwanafunzi mwenyewe pesa za matumizi. Zilizoachwa bila mlinzi ni zile tu ambazo familia imejinyima, shilingi juu ya shilingi.

Tazameni pia bima ya elimu. Mzazi hulipa kila mwezi kwa miaka kumi au zaidi. Serikali humpunguzia kodi ya mapato kwa asilimia 15 ya anacholipa, punguzo lisizidi shilingi 60,000 kwa mwaka, mradi bima yenyewe iwe ya miaka isiyopungua kumi. Nafuu hiyo anaipata kwa sababu pesa ni za elimu. Bima inapoiva, kwa kawaida malipo huenda kwa mzazi aliyeikata. Hapana anayemfuata kumuuliza kama pesa zilifika shuleni au ziligeuka kuwa gari.

Msidhani ni sisi tu tunaoumizwa kichwa na jambo hili. Mwalimu alinieleza kuhusu Kanada. Huko mzazi humwekea mtoto akiba ya elimu, na serikali huongezea asilimia 20 ya dola 2,500 za kwanza anazoweka kila mwaka, yaani dola 500, hadi jumla ya dola 7,200 kwa mtoto mmoja. Siku ya kutoa, pesa hugawanywa mafungu. Alizoweka mzazi kutoka mfukoni mwake zinaweza kumrudia mzazi mwenyewe. Za serikali, pamoja na faida iliyozaliwa humo, hulipwa mwanafunzi, na hapewi mpaka awe amejiunga na chuo. Asipoendelea na masomo kabisa, zile za serikali hurudi zilikotoka. Mpango huu ulinipendeza kwa sababu hauchanganyi jasho la mzazi na haki ya mtoto katika chungu kimoja.

Uingereza walifanya vingine. Watoto waliozaliwa kuanzia Septemba 2002 hadi mwanzoni mwa Januari 2011 walifunguliwa akaunti, serikali ikatia pauni 250 (waliozaliwa kuelekea mwisho walipata kidogo zaidi ya hapo, yaani pungufu), na familia maskini wakaongezewa. Si mzazi wala mtoto aliyeruhusiwa kugusa kitu mpaka miaka 18, ila kwa sababu nzito kama ugonjwa wa kufisha. Za kwanza zikafunguka Septemba 2020. Lo! Vijana wengi ajabu hawakuja kuzichukua. Wengi wao hawakujua zipo. Kwa hiyo hata kufuli haitoshi ikiwa mwenye mali hakuambiwa kwamba ana mali. Mimi niliambiwa kwamba ninayo, sikuambiwa kwamba imekwisha. Sijui lipi ni afadhali.

Mtaniuliza: ikiwa hayo ndiyo maoni yako, mbona umeacha kusema apewe mtoto? Nimeacha kwa sababu ya mvulana mmoja ambaye simtaji, na ambaye sasa yuko shule nyingine. Kaka yake alikuwa na haraka, akamtumia karo ya muhula kwa simu, shilingi elfu kumi na nane. Alikuwa na nia njema hadi Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na mechi, na katika simu ile ile iliyopokea karo kulikuwa na njia ya kubahatisha matokeo. Jumatatu alifika ofisini na hadithi ya kuibiwa ndani ya matatu, hadithi ambayo mwalimu wa zamu alikuwa ameshaisikia mwaka uliopita, ila matatu ilikuwa nyingine. Mpinzani wangu wa Kidato cha Nne aliyesema kwamba mtoto akipewa pesa atazichezea kamari, nilimzomea siku ile. Leo namwomba radhi. Na nijipime mimi mwenyewe: msichana wa miaka kumi na mitano aliyevaa sare kwenda mjini, umpe 38,600 mkononi? Ningenunua viatu. Ningemnunulia mama leso mbili na nyanya shali. Ningefika shule na mapenzi ya watu wote, bila karo.

Kuna upande mwingine ambao hatukuugusa kabisa katika mdahalo. Baadhi yetu hapa wazazi wetu hawako nchini. Namjua msichana wa Kidato cha Pili ambaye mama yake anafanya kazi za nyumbani Saudi Arabia. Kila mwezi mama hutuma pesa za karo kwa jamaa mmoja, jamaa naye hutoa, na muhula ukianza msichana hurudishwa nyumbani kuleta baki. Mama akipiga simu huambiwa yote yako sawa. Binti naye anaogopa kusema kwa kuwa analala kwa jamaa huyo huyo. Mwambieni mama yule kwamba pesa hupewa aliyeaminiwa! Dawa ya kisa hicho ni nyepesi ajabu: nambari ya akaunti ya shule imechapishwa kwenye kila barua ya karo, na anayetuma kwa jamaa anaweza kutuma kwa shule. Lakini hajawahi kuiona barua ya karo, kwa sababu nayo hupewa jamaa.

Basi nataka nini? Nataka pesa za karo zikitoka zisipumzike mkononi mwa mtu yeyote. Zitoke akaunti ya mtoto ziingie akaunti ya shule, na risiti ifike nyumbani. Fomu ya kufungua akaunti idai sahihi mbili, na kitambulisho kikisahaulika siku hiyo, watu warudi kesho. Mandazi hayaendi popote. Pakitokea dharura kama ya nyanya, zitolewe, ndiyo, binadamu hawezi kuachwa kitandani kwa sababu ya karo. Lakini wa pili akubali, na mtoto aambiwe siku hiyo hiyo, si baada ya miezi mitano. Kufikia Kidato cha Kwanza mtoto awe anaonyeshwa salio kila muhula. Kuonyeshwa si kupewa. Nikijua kuna elfu mbili nitajua kwamba muhula huu ni wa basari na si wa safari ya Mombasa. Na akishafikisha miaka 18, kilichobaki apewe yeye, hata akikosea. Wazazi wetu nao walikosea na zao.

Najua kwamba sahihi mbili zina taabu zake. Kuna wazazi waliotengana ambao hawawezi kukutana hata mlangoni pa benki. Kuna mtoto ambaye ana mzazi mmoja tu. Kwa hao, wa pili anaweza kuwa shangazi, au mjomba, au mwalimu anayekubali mzigo huo, ingawa walimu wetu nawaona wakitikisa kichwa wanaposoma hapa. Sina jibu la kila nyumba.

Mwalimu mmoja aliyehudhuria mdahalo ule alituambia kwa mzaha kwamba mtoto hana pesa, ana wazazi. Tulicheka sote, hata mimi. Lakini nimelifikiria neno hilo, na kwa heshima zote naomba kumjibu. Ikiwa pesa ni za mzazi, hapana ubaya, aziweke kwa jina lake na azitumie atakavyo. Mimi sitamdai. Lakini akienda benki akaandika majina yangu matatu, akapata akaunti ya mtoto isiyokatwa ada ya kila mwezi, akaniambia mbele ya karani kwamba hizi ni zako, na nyumbani akanihimiza nitumbukize sarafu zangu za Krismasi ndani ya kopo, hapo ameniahidi kitu. Na katika zile 38,600 kulikuwa na makopo matatu ya sarafu zangu. Sizitaki. Nataka tu ikubaliwe kwamba zilikuwamo.

Pia, mwaniwie radhi, ni nani hasa aliyeweka? Wapinzani walisema baba ndiye aliyeweka, apewe baba. Kwetu baba ndiye aliyetia sahihi. Waliochuma walikuwa wanawake wawili, mmoja wao akiwa na zaidi ya miaka sabini, na hapana fomu hata moja, ya chai wala ya benki, iliyokuwa na jina la yeyote kati yao. Hilo ni somo la mdahalo mwingine, lakini nisingeweza kulipita kimya.

Likizo ya Agosti iliyopita, nilipokuwa nimemwomba baba ruhusa ya kuandika haya, na zile siku mbili zake za kufikiri zilipokwisha, aliniambia niende nikachukue kadi. Niliitoa ndani ya Biblia. Tulienda mjini sote watatu kama mara ya kwanza, ila mimi nilivaa nguo za nyumbani, na mama alikuwa ameshika kitambulisho chake mkononi tangu tulipotoka mlangoni. Hakukitia hata mfukoni. Karani, wa tatu sasa katika kisa hiki, aliwapa fomu ya kubadilisha watia sahihi. Iliwachukua nusu saa hivi. Mama alitia sahihi yake polepole, kisha akauliza kama imetosha au arudie.

Karani akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Huyu mpe karatasi ya salio," baba akasema.

Alinipa. Ilikuwa shilingi 6,215. Tulirudi nyumbani magharibi, nikaenda kuirudisha kadi mahali pake, pamoja na ile karatasi. Nyanya alikuwa ameketi karibu na moto, mkongojo wake kando. Akaniuliza ni ngapi. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena.